Ufa Chini ya Rangi ya Fedha

Fundi Muhiddin Simai alikuwa mtu mwenye kinyaa. Hayo hayasemwi kwa kumvunjia heshima, kwa sababu kinyaa hicho ndicho kilichomfanya awe fundi wa kuaminiwa, na ndicho pia, siku moja ya mwaka 1969, kilichomgeukia yeye mwenyewe.

Kibarazani pake Mkunazini, mjini Unguja, alipotengeneza baiskeli za watu tangu mwaka 1964, hapakuwa na tone la mafuta sakafuni. Aliweka kopo la mchanga safi na kipande cha sabuni ya kufulia, akanawa kabla ya kushika baiskeli ya mtu, akanawa tena baada ya kuiachia. Kilichomchefua kuliko vyote ni mnyororo uliopakwa mafuta ya nazi. Miaka ile mafuta ya mashine yalikuwa adimu, nazi hazikuwa adimu, na watu waliona jambo jepesi kuchota jikoni. Wiki ya kwanza mnyororo huteleza vizuri. Wiki ya pili mafuta huvunda, hunasa vumbi la njia, na kuwa uji mweusi unaonuka kama chicha iliyosahauliwa chunguni. Mnyororo wa namna hiyo Fundi Muhiddin aliutoa kwa kijiti, akauning'iniza mbali na mwili wake kama aliyeshika panya kwa mkia, na kumwuliza mwenye baiskeli kwa sauti ya upole: "Huu umeupaka, au umeukaanga?"

Wengine waliokosa mipira ya ndani walishindilia makumbi ya nazi katika matairi, wakapanda hivyo hivyo mpaka mvua inyeshe na makumbi yaoze. Fundi alipolifungua tairi la aina hiyo alifunga kitambaa puani, na mara mbili alionekana akienda kutapika kwenye mfereji. Hakuona haya kwa hilo. Alisema kwamba baiskeli ni chombo cha kubeba roho ya mtu, na kwamba anayekitia uozo kwa makusudi amekosa adabu kwa roho yake mwenyewe.

Ufundi aliupata Darajani, katika duka la tajiri mmoja wa Kibohora, alikoingia akiwa na umri wa miaka kumi na minne na kukaa miaka ishirini na miwili. Tajiri alipofunga duka na kusafiri, alimwachia jiriwa moja ya kubania vyuma, tupa mbili, sanduku la spana, na tabia ya kutosema neno juu ya chombo chochote mpaka amekihakikisha kwa macho.

Kutokana na tabia hiyo ulizaliwa mtindo ambao watu wa mjini na wa shamba waliufuata bila ya kuagizana. Baiskeli iliyokwisha kutumika haikununuliwa mpaka ipelekwe kwa Muhiddin baina ya Alasiri na Magharibi. Muuzaji na mnunuzi walikaa baraza ya mkabala wakinywa kahawa, wakijifanya hawatazami. Fundi aliipindua baiskeli, akaifuta, akapaka mafuta ya taa kwenye maungio ya fremu, akayaacha kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Kisha aliyafuta mpaka pakauka, akanyunyiza chokaa laini iliyochekechwa kwa kitambaa. Palipokuwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, mafuta yaliyojificha ndani yalijitokeza taratibu na kuchora mstari wa kijivu juu ya weupe wa chokaa. Alipomaliza alitamka moja katika maneno mawili: "Panda," au "Iache." Hakueleza, hakupokea chochote kwa ajili ya neno hilo, na hakuwapo aliyebishana nalo.

Binti yake wa pekee, Tabia, aliolewa na Bakar Mcha, karani wa ghala, kijana nadhifu wa Kiembe Samaki aliyependa vitu vilivyotoka mbali. Mwaka 1968 Bakar alinunua baiskeli kutoka kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Haikuwa ya chuma. Fremu yake ilikuwa ya alumini tupu, bila ya rangi, nyeupe kama kijiko kipya, na nyepesi hata mtu aliweza kuinyanyua kwa vidole viwili. Watu wa Kiembe Samaki waliitazama mara moja tu wakaipa jina la Sufuria, na jina likashika.

Mhandisi hakuwa mtu wa kupakia watu, na baiskeli yake haikuwa na mahali pa kufungia karia. Bakar aliitaka karia, kwa sababu alitaka kumpakia mkewe jioni kwenda Forodhani, amekaa upande na buibui lake, watu waone. Hakumwendea mkwewe, akijua atakavyojibiwa. Alimwendea seremala wa jirani, na seremala, kwa keekee ile ile anayotobolea milango, akatoboa matundu manne katika bomba la fremu chini ya kiti. Miezi minane walikwenda Forodhani na kurudi. Mwezi wa tisa ufa ulianza kwenye tundu moja ukalizunguka bomba, ukabakisha sehemu isiyozidi upana wa kidole gumba.

Hapo ndipo Bakar alipoileta Mkunazini. Fundi Muhiddin aliyatazama yale matundu kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama ufa.

"Nani kafanya hivi?"

"Baba, shida si matundu, shida ni huo ufa. Uchomee tu."

Fundi alimweleza, kwa utaratibu, kwamba alumini haichomewi kwa shaba. Chuma kikipashwa moto huwa chekundu na kumwonya fundi. Alumini hubaki nyeupe vile vile mpaka inapodondoka chini kama maziwa. Lehemu nayo haiishiki. Wapo ng'ambo wenye mitambo ya kazi hiyo, lakini Unguja hayupo, na hata huyo wa ng'ambo angeyaona matundu ya seremala angekataa.

"Lakini sufuria ikitoboka si inazibwa?" akasema Bakar.

"Inazibwa. Kwani sufuria unaipanda?"

Wanywaji kahawa wa baraza ya mkabala walicheka. Bakar hakucheka. Fundi, ambaye naye hakuwa amekusudia mzaha, aliendelea: "Chuma kikiumwa hulia. Hupinda, hukwaruza, humpa mpandaji siku mbili tatu za kujihadhari. Hii hainong'oni. Itakaa kimya mpaka siku itakapokutupa. Ikate, uwape wanaoyeyusha na kusubu vijiko."

Bakar aliichukua baiskeli yake akaondoka akiisukuma. Wiki tano zikapita bila ya kutajwa, na Fundi akadhani imekwisha kuwa vijiko.

Huku nyuma alikuwapo mtu aliyeitamani. Silima Usi alikuwa muuza maziwa wa Kidichi, mwenye ng'ombe watatu na ugonjwa wa pumu. Kila jua lilipochomoza alifunga madebe mawili ya maziwa ubavuni mwa karia, akashuka mteremko mrefu unaotoka Kidichi kwenda Bububu, akafuata njia ya pwani mpaka mjini, akagawa nyumba kumi na moja kabla ya jua kuyapata maziwa. Kushuka hakukumsumbua. Kurudi ndiko kulikomwua, kwa sababu baiskeli yake ya chuma ilikuwa nzito, na juu ya mlima alifika akihema kama mvukuto wa mhunzi. Mkewe, Wanu, alikwisha kumwambia kwamba ataiacha roho yake katika mlima ule. Silima alipoiona Sufuria, na kuinyanyua kwa mkono mmoja, hakuona kitu kingine.

Asubuhi ya Ijumaa moja Bakar alimwuzia. Silima hakuwa mjinga. Aliuliza kama Fundi Muhiddin amekwisha kuiona. Jibu alilopewa, mtaa mzima uliujua ubaya wake siku ya pili, lakini yeye aliliona ni jibu la kutosha, akaacha baiskeli yake ya zamani kwa mnunuzi wa vyuma, akashika usukani wa ile mpya.

Mchana wa siku hiyo, baada ya sala, Bakar na Tabia walikula kwa wazee kama ilivyokuwa desturi yao. Fundi na mkwewe walikaa kwenye sinia moja: wali wa nazi, mchuzi wa changu, na pilipili ya kukaanga. Tabia na mama yake, Bi Mwanakheri, walikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Bakar alikuwa mchangamfu. Alikula kwa haraka, akanyonya mfupa wa samaki mpaka ukatoa sauti, akasema, huku tonge limo mdomoni, kwamba lile sufuria lililowashinda mafundi limekwisha kuuzwa, tena kwa bei ya kitu kizima.

Fundi aliuliza limeuzwaje na ufa ule.

"Nta, baba. Nta ya nyuki na sabuni, nikaponda na majivu kidogo, nikapachika kwa kisu mpaka pakawa sawasawa. Juu yake rangi ya fedha. Na kwenye matundu, kandokando ya boliti za karia, vile vile. Wewe mwenyewe usingeuona."

"Umemwuzia nani?"

"Yule Silima wa maziwa."

"Akakubali bila ya kuileta kwangu?"

Bakar alicheka. Alisema kwamba Silima aliuliza, naye akamjibu: "Mie ni mkwe wa Fundi Muhiddin. Wadhani angeniachia nimpakie binti yake kwenye kitu ambacho hakukiona?" Alipofika kwenye neno la mwisho kicheko kilimzidi, na punje ya wali iliyolowa mate ikamruka mdomoni ikaangukia mgongo wa mkono wa Fundi.

Fundi aliitazama ile punje. Hakuifuta mara moja. Mkono wake wa kulia ulikuwa ungali ndani ya sinia, vidole vimekusanya tonge, na akahisi kwamba wali wote ule, na mchuzi, na mafuta yaliyotanda pembeni mwa sinia, vimegeuka kitu kimoja na ile nta iliyosagwa na sabuni. Aliliachia tonge. Akanyanyuka kunawa, akanawa mpaka birika likakauka.

Tabia ndiye aliyemletea birika jingine. Alikuwa amesikia yote, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kwamba kesho atakuwa ama mke asiye na mume, ama mwana asiye na baba.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "lililosemwa kwenye sinia usilitoe nje. Ukimtahayarisha mbele za watu, atakayerudishwa kwenu ni mimi."

Ilikuwa hoja ya kweli. Watu wa mji ule walikuwa na kanuni ya zamani kwamba mazungumzo ya chakula ni amana, na kwamba mkwe hafichuliwi aibu yake barabarani na baba wa mke. Fundi Muhiddin, ambaye kanuni zote alizishika kama spana, kila moja na pahala pake, alimrudishia bintiye birika. Alifuta mikono, akavaa kofia, akatoka.

Alasiri Silima alipita Mkunazini. Alikuwa amesali mjini, amekwisha kukusanya madebe yake matupu, na alikuwa akianza safari ya kurudi Kidichi. Bakar alikuwa amekaa baraza ya mkabala na kikombe mkononi. Silima aliteremka, akaiegemeza Sufuria ukutani kwa uangalifu, akavuka njia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Nimekuja kukushukuru kwa neno lako. Mkweo kanambia umeiona. Kesho nnashukia nayo maziwa, inshallah."

Fundi Muhiddin aliitazama baiskeli. Pale chini ya kiti, ambapo mtu mwingine asingeona kitu, yeye aliona rangi ya fedha imekaa nene kuliko ilivyokaa kwingine, kama poda iliyopakwa juu ya jipu. Alijua, kwa hesabu isiyohitaji karatasi, kitakachotokea kesho. Kupanda mlima jioni ile kwa kusukuma, na madebe matupu, fremu itavumilia. Kushuka kwake asubuhi, na madebe mawili yamejaa, na mtu juu yake, na mawe ya mteremko ule, haitafika hata nusu ya njia. Alimtazama Bakar. Bakar alikuwa akiangalia ndani ya kikombe chake kama aliyeangusha kitu humo. Fundi alifungua mdomo, akakumbuka uso wa Tabia, na neno lililotoka halikuwa mojawapo ya yale mawili aliyozoea kuyatamka.

"Ufike salama," alisema.

Silima akashukuru tena, akaenda zake.

Waliokuwapo hawakuelewa kwa nini Fundi, baada ya hapo, alinawa mikono mara tatu ilhali hakuwa ameshika kitu. Alifunga kazi kabla ya wakati. Magharibi alisali, Isha alisali, chakula hakukigusa. Bi Mwanakheri alimwona amekaa ameitandaza mikono juu ya magoti, viganja juu, kama asiyetaka viguse nguo zake. Miaka yote alikuwa akichukizwa na uvundo wa watu wengine: minyororo yao, matairi yao, ulegevu wao. Usiku ule, kama alivyomweleza mkewe, uvundo ulikuwa ukitoka kinywani mwake, na kila alipotema mate aliusikia zaidi. Alimwambia habari yote, na ombi la Tabia.

Bi Mwanakheri alikuwa mwanamke asiyependa hotuba. "Tabia akirudishwa, atarudi hapa, ana baba na ana mama," alisema. "Mke wa Silima ana Silima."

Kabla ya adhana ya Alfajiri Fundi alikuwa njiani, juu ya baiskeli yake nyeusi ya chuma, na chokaa ndani ya kitambaa na kichupa cha mafuta ya taa mfukoni. Alisali Bububu. Mlima wa Kidichi aliupanda kwa miguu akisukuma, na macho yake, ambayo gizani hayakumfaa sana, yalikuwa yakitafuta mbele kama kuna mtu anayeshuka. Hakushuka mtu. Alipofika kwa Silima jua lilikuwa limeanza kugusa minazi, na Silima alikuwa akikaza kamba ya debe la pili. Wanu alikuwa ameshika usukani ili baiskeli isipinduke.

"Fundi? Kuna kheri?"

"Teremsha madebe."

Silima alisema maziwa yataharibika. Fundi akamwambia yaache yaharibike. Hakumwamkia mtu wala hakuketi. Alipiga goti, akatoa kisu, akaanza kukwangua rangi chini ya kiti, mahali pasipozidi ukubwa wa kiganja. Silima alimshika bega, akasema kwa upole kwamba anaiharibu baiskeli ya mtu na kwamba kitu chake anakijua. Fundi aliendelea. Ncha ya kisu ikazama. Ikatoka nta, laini, ya rangi ya ngozi iliyokufa, ikajikunja kama funza na kumnasa chini ya kucha. Ilinuka sabuni na majivu na, kwa mbali, marashi ya nywele ya Bakar. Aliomba maji ya moto, Wanu akaleta birika la chai, na nta yote ikayeyuka ikatiririka juu ya viatu vya Fundi. Majirani wawili watatu walikuwa wamekwisha kukusanyika.

Alipaka mafuta ya taa. Akangoja. Hakukuwa na kahawa ya kupimia wakati, kwa hiyo alihesabu moyoni. Akafuta, akanyunyiza chokaa.

Kwanza halikuonekana kitu, na mmoja katika majirani akaguna. Kisha ukatokea mstari. Ulianza kwenye tundu la seremala, ukapanda, ukazunguka bomba, ukaendelea kuzunguka, na kila walipodhani umefika mwisho uliongeza kidogo, mpaka ukakaribia kukutana na ulikoanzia. Silima aliweka kiganja juu ya kiti akakandamiza, si kwa nguvu. Ufa ulifunguka kama mdomo na chokaa ikamwagikia chini.

Silima aliondoa mkono. Aligeuka akautazama mteremko, ambapo njia ilishuka baina ya mikarafuu na kupotea.

Ingefaa habari iishie hapo, kwa shukrani na dua. Lakini Silima Usi alikuwa mtu anayefikiri mpaka mwisho.

"Umejua lini, Fundi?"

Muhiddin angeweza kusema usiku. Angeweza kusema mkwe wake aliungama baada ya Isha. Hapakuwa na mtu pale wa kumkadhibisha.

"Jana mchana."

"Kabla sijaja kukushukuru?"

"Kabla."

"Basi mie nnakushukuru, na wewe unaniangalia, na unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanambia nifike salama."

Fundi aliivuta baiskeli yake nyeusi, ambayo Unguja nzima ilijua kwamba haina parafujo iliyolegea, akaielekeza kwa Silima, akamwambia aichukue ashuke nayo, akae nayo muda anaoutaka. Silima aliitazama kuanzia gurudumu la mbele mpaka la nyuma.

"Hii nayo siijui, Fundi," alisema.

Akachukua mti wa mzega, akaning'iniza debe moja huku na moja huku, akajitwika begani, akashuka kwa miguu. Maziwa yalifika mjini yamekwisha kukatika, na nyumba kumi na moja zilimrudisha. Wanu alimwambia Fundi ahsante kwa kuja, kwa sababu alikuwa na adabu; lakini hakumkaribisha chai, na birika lilikuwa pale pale chini, bado lina moto.

Fundi alirudi Mkunazini akisukuma baiskeli mbili. Aliitia Sufuria katika jiriwa mbele ya baraza iliyojaa watu, akachukua msumeno wa chuma akaikata pale penye ufa. Haikuhitaji mivuto mitano. Waliouliza aliwaambia habari yote kwa mpango wake, bila ya kupunguza: kwamba mkwe wake ndiye aliyeuficha ufa, na kwamba yeye ndiye aliyeunyamazia. Hiyo sehemu ya pili watu walitaka kumwondolea. Walimwambia kwamba alikwenda, na kwamba la muhimu ni kwenda. Alichukizwa na maneno hayo kuliko alivyochukizwa na nta, akawaomba waache.

Bakar alilazimika kurudisha alichopokea, maana mtaa ulikuwa ukimwangalia. Ijumaa saba hakuonekana kwenye sinia la mkwewe. Tabia alikuja peke yake, akamhudumia baba yake bila ya kumtazama usoni, na hakurudishwa. Ijumaa ya nane Bakar alikuja, akala wali wake kimya, na tangu siku hiyo Fundi alipakuliwa sahani yake mbali. Alisema tumbo lake halivumilii tena sinia. Hakuna aliyemsaili zaidi.

Neno lake nalo lilikoma. Walioleta baiskeli baina ya Alasiri na Magharibi waliikuta chokaa katika kitambaa na mafuta ya taa katika kopo, na Fundi akawaelekeza wanyunyize wenyewe na watazame wenyewe. Wengi walikasirika. Walisema hawakuja kujifunza ufundi, walikuja kuambiwa panda au iache. Wakahamia kwa fundi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo ambaye alitamka "panda" kwa kila kitu chenye magurudumu mawili, na kibaraza cha Mkunazini kikawa kipana kuliko kazi iliyokuwapo.

Silima alipata baiskeli nyingine ya chuma, nzito kama ya kwanza. Kila siku alipita Mkunazini, kwa sababu nyumba zake tatu zilikuwa upande ule, na kila siku alitoa shikamoo yake, kama inavyompasa mtu mdogo kwa mkubwa, akaitikiwa marahaba. Hakuteremka. Pancha aliziba kwingine. Breki alikaza kwingine, tena vibaya. Fundi alizisikia zikilia tangu kona ya msikiti, na akainamisha kichwa.

Miaka miwili ilipita hivyo. Siku moja ya mwaka 1971, karibu na saa nne ya asubuhi, mnyororo wa Silima ulikatika mbele ya kibaraza chenyewe, hatua sita kutoka kwenye jiriwa. Silima aliitazama ile jiriwa, akaivutia baiskeli upande wa pili wa njia, akaipindua, akaokota jiwe na msumari, akachuchumaa kuunga mnyororo mwenyewe. Fundi Muhiddin alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti. Aliiona pini ikiingia. Aliiona ikikaa upande, kichwa kimoja kimezama na kingine kimetokeza, na Silima akiinyanyua baiskeli kuijaribu, na mnyororo ukizunguka kama kwamba umepona. Mbele yake kulikuwa na safari ya kurudi Kidichi, na njia ya Bububu yenye malori.

Hakuwa ameombwa. Hakuna fundi anayeingilia kazi ya mtu asiyemwita, na Silima alikuwa ameonyesha kwa miaka miwili kwamba hamwiti.

"Silima," alisema Fundi, kwa sauti iliyosikika njia nzima, "pini imekaa upande. Itakutoka kabla ya Bububu."

Silima alisimama na jiwe mkononi. Hakugeuza uso.

"Nimesikia," alisema.

Akachuchumaa tena, akaigonga ile pini ikatoka, akaifuta kwa shati, akaitia upya kwa upande wa pili, na safari hii akaipiga polepole.